Asubuhi za Perisi

Jumanne ya tarehe kumi na tano Oktoba, mwaka 2041, ndiyo siku mambo yalipoharibika. Hezroni Chilongani hahitaji kalenda kuikumbuka. Jua la Chilewe lilikuwa limeamka na hasira zake, upepo hakuna, na mkewe Perisi ameketi kwenye kigoda mlangoni, anamsalimu Msalimu.

Simu ilining'inia kwenye msumari wa mwimo wa mlango, pale pale watu wa wilaya walipoipigilia siku walipokuja kugawa. Kila nyumba ilipewa, na kila nyumba iliambiwa neno lile lile: ukiamka, kabla ya chai, kaa mbele yake. Tabasamu, inua mikono, sema jina lako na ulivyolala. Mengine muachie Msalimu, mashine iliyomo ndani.

"Naitwa Perisi Chilongani," alisema Perisi. "Nimelala vizuri, namshukuru Mungu."

Hezroni alikuwa anafunga kamba za viatu vya shamba. Akainua kichwa. Maneno yalikuwa yametoka mazito, yanaburutwa kama gunia la mahindi. Akamtazama mkewe. Mdomo upande wa kushoto ulikuwa umeshuka. Mkono wa kushoto uliinuka nusu, ukarudi chini wenyewe, kama wa mtu aliyepitiwa na usingizi.

Dalili alizijua. Nani Chilewe hakuzijua? Msalimu mwenyewe ndiye aliyewafundisha, kila Jumapili baada ya ibada, kwa vikatuni: mdomo ukipinda, mkono ukilegea, kauli ikiburuta, hicho ni kiharusi, usingoje. Watoto waliyafanya wimbo wa kurukia kamba.

"Perisi, una nini?"

"Sina kitu. Mkono umekufa ganzi. Nimeulalia."

Msalimu akaongea kwa ile sauti yake ya mwanamke mpole asiye na kabila. "Asante, Perisi. Mdomo na kauli viko kama kila siku. Mkono unaonyesha uchovu. Kunywa maji, pumzika."

Taa ikawaka kijani.

"Kijani cha nini wewe?" Hezroni alisimama na kiatu kimoja. "Mtazame mdomo!"

"Mdomo na kauli viko kama kila siku."

Zamani kulikuwa na zahanati, na ndani ya zahanati kulikuwa na nesi, mama mmoja mkali aliyekuwa akitukana watu na kuwatibu kwa pumzi moja. Msalimu alipokuja, wakubwa walisema nesi wa nini tena, wakamhamisha, jengo wakaligeuza kituo cha kuchajia betri. Ikabaki njia moja ya kufika hospitali ya mkoa upesi: gari jeupe lisilo na dereva, ambalo watu walilipa jina Bibi Harusi. Na Bibi Harusi haji mpaka aitwe na taa nyekundu. Ukibonyeza kitufe cha dharura, Msalimu anapima kwanza. Lazima aone dalili mbili kati ya tatu.

Hezroni akabonyeza. Ikapima. Kijani. Akampeleka Perisi kivulini, akambonyezea huko. Kijani. Akamwita shemeji yake Yunisi, mdogo wake Perisi, aliyekaa nyumba ya pili. Naye akaja mbio, akabonyeza kwa simu yake mwenyewe. Simu yake ikamwambia kwamba huyo si Yunisi.

Jua lilipofika utosini Perisi hakuweza tena kutamka jina lake. Msalimu akasema, "Sauti haijasikika. Tafadhali msogeze Perisi karibu na simu."

Walimfunga kwa kitenge kwenye pikipiki, katikati ya dereva na Yunisi, wakamvusha makorongo yote hadi hospitali ya mkoa. Daktari akasema ipo dawa ya kuyeyusha donge la damu kichwani, lakini ina saa zake, na saa hizo zilikuwa zimekwisha huko huko kwenye kigoda. Wiki haikumalizika, Perisi akazikwa.

Siku ya tatu ya msiba simu ililia msumarini. "Msalimu anakupa pole kwa kumpoteza PERISI. Kumbuka kunywa maji ya kutosha."

*

Matanga yalikuwa yameshaanuliwa gari la wilaya lilipoingia uani. Walishuka wawili. Mmoja ni Bwana Kisamo, afisa wa huduma za simu, shati limenyooshwa mpaka linakatika. Mwingine dada mwembamba mwenye miwani, Levina, ambaye kazi yake, alivyojieleza, ni kumfundisha Msalimu.

Hezroni akawapa vigoda. Yeye mwenyewe hakuketi.

"Pole sana na msiba, mzee wangu," alisema Levina.

"Pole yenu nimeipata. Mliniambia na maji ninywe."

Levina akainamisha uso. Kisamo akatazama saa.

"Mzee, acha nieleze jinsi Msalimu anavyofanya kazi, halafu utanitukana," alisema Levina. "Sura ya mtu na sauti yake hazitoki kwenye simu yake. Sheria inakataza. Kwetu inakuja rangi tu. Kwa mama tuliona kijani mpaka mwisho, hatujui simu iliona nini. Tunaomba tutazame, ukiwepo mwenyewe."

Hezroni akaitoa simu msumarini. Tangu mazishi hakuwahi kuifungua. Levina akagusa hapa na pale, na mara Perisi akatokea. Perisi wa kiangazi, kitenge kimefungwa kifuani. Perisi wa masika, blanketi begani. Perisi aliyesukwa, Perisi mwenye kilemba, miaka minne ya asubuhi, na kila asubuhi ile ile sauti ya chini, nzito kidogo: nimelala vizuri, namshukuru Mungu. Hezroni akashika mwimo wa mlango.

Levina akasimamisha picha. Akarudisha nyuma. Akasimamisha tena.

"Mzee, hapa mama ana nini mdomoni?"

"Wapi?"

"Hapa chini, kushoto. Hapa pia. Na hapa. Kila siku."

Yunisi alikuwa jikoni anasikiliza yote. Akatoka na mwiko mkononi. "Ugoro," alisema. "Sasa saa hizo ulitaka awe na nini?"

Levina alivua miwani.

Watu hawafanani, alieleza. Kuna aliyezaliwa na mdomo wa upande, kuna mwenye kigugumizi. Kama Msalimu angewapima wote kwa kipimo kimoja, angewapigia kelele wazima kila siku. Kwa hiyo miezi mitatu ya kwanza anakaa kimya anakujifunza wewe, mpaka akujue. Baada ya hapo anakulinganisha na wewe mwenyewe wa jana.

"Na alimjifunza Perisi na ugoro wake," alisema Hezroni.

"Alijifunza mdomo ulioshuka kushoto na ulimi mzito. Akaamini ndivyo alivyoumbwa. Siku mdomo uliposhuka kweli..."

Kisamo akakohoa. "Kwa hiyo mzee, unaona. Kwa masikitiko makubwa, marehemu hakutumia huduma inavyotakiwa. Masharti yanasema mdomo usiwe na kitu."

"Yanasema wapi?"

"Ndani ya masharti."

"Nyie mlikuja hapa mkasema kabla ya chai. Mwanamke wa Chilewe kabla ya chai anaweka ugoro. Hata kuku wanajua. Mlimuuliza nani?"

"Wataalamu walifanya utafiti, mzee."

"Kwa kina nani? Kwa wake zenu?"

Yunisi akacheka kicheko kikavu, akarudi jikoni.

Levina ndiye aliyesema kilichowaleta. Wanawake wanaoweka ugoro katika wilaya ile ni maelfu, na Msalimu amewajifunza wote hivyo hivyo. Anaweza kufundishwa kutofautisha ugoro na kiharusi, na mashine za siku hizi hazikai darasani kama sisi, ni suala la dakika. Lakini lazima aonyeshwe mtu mmoja mwenye vyote viwili: asubuhi nyingi za ugoro, na ile moja ambayo ugoro na kiharusi vilikaa kwenye mdomo mmoja.

"Hatuna mwingine, baba. Nchi nzima. Ni mama tu."

"Wewe ndiye mrithi wa simu," Kisamo akadakia. "Kukubali ni kuweka dole. Picha zinaenda kwetu, na simuni zinafutwa, maana sheria haitaki nakala mbili. Na unakubali kwamba huduma haikuwa na kosa. Hiyo ni lugha ya kisheria tu."

"Kama ni lugha tu, iondoeni."

"Hatuwezi kuiondoa."

"Basi si lugha tu."

Kuku akapita katikati yao. Hakuna aliyemfukuza.

"Mimi nimesoma mpaka darasa la nne," alisema Hezroni, "lakini hilo nalielewa. Dole langu likishaingia pale, Perisi kajiua. Kajiua na ugoro wake, na mume kasaini. Sasa sikilizeni. Aje huyo mkubwa wenu wa Msalimu, asimame pale uwanja wa shule mbele ya watu, aseme: tulikosea. Hilo neno moja tu. Akilisema, nampa simu na msumari wake."

"Mzee, hilo halipo," alisema Kisamo, akainuka.

Levina alibaki nyuma kidogo. Akaweka namba yake ndani ya simu ya marehemu. "Sehemu ya dole nimeiacha humo humo, ukibadili mawazo," alisema kwa sauti ya chini. "Samahani, mzee wangu. Mimi si mwenye kuandika masharti."

"Hakuna aliyeyaandika," alisema Hezroni. "Kila anayekuja hapa si yeye."

*

Habari ya ugoro ilienea Chilewe kama moto wa nyasi kavu. Yunisi ndiye alikuwa wa kwanza kujaribu. Asubuhi moja alisukutua mdomo mpaka ukang'aa, akakaa mbele ya simu yake bila kitu, akatabasamu. Msalimu, aliyemjua Yunisi mwenye mdomo ulioshuka, akaona mdomo umepanda ghafla na kauli imekuwa nyepesi. Taa nyekundu.

Bibi Harusi akaja na king'ora mpaka uani, milango ikafunguka yenyewe. "Yunisi, tafadhali ingia ulale." Yunisi akagoma. Gari likagoma pia. Lilisimama pale likimsihi, mbuzi wamekata kamba, na majirani wamejaa uani.

"Ingia, mwali! Usimwaibishe mshenga!"

"Bwana harusi mwenyewe yuko wapi, mbona gari tupu?"

Watu walicheka, na kucheka kwenyewe kulikuwa na woga ndani yake. Siku zilizofuata wanawake wengine wakajaribu, na gari likawa halina mapumziko. Wilaya ikatoa amri kwa ujumbe wa simu: nyumba zote za watumiaji wa ugoro zimewekewa kufuli. Taa nyekundu ya nyumba hizo haiiti gari mpaka afisa wa zamu aidhinishe. Afisa mwenyewe mmoja, kata zake tatu, na chakula cha mchana anakula kama watu wengine.

Basi ikawa ukiweka ugoro, Msalimu ni kipofu. Ukiacha, Msalimu anapiga kelele na hakuna wa kumsikiliza.

Yunisi alimfuata Hezroni jioni, akamkuta ameketi kwenye kile kigoda, simu sikioni. Siku hizi ndivyo alivyoishi: kila siku asubuhi moja ya Perisi, akizifuata tangu mwanzo. Ile ya Jumanne hakuwahi kuigusa.

"Shemeji, wape hizo picha."

"Karibu ukae."

"Sikai. Wenzangu wamenituma. Tunaamka tunaogopa, tunalala tunaogopa. Mimi mkono ukiwasha tu najiuliza. Wewe unazo dawa zetu mfukoni unazisikiliza."

"Hizi si dawa. Huu ni ushahidi."

"Wa kumpa nani? Mahakama gani imekuita?"

"Hata kama ni wa kukaa nao. Nikiutoa wanafuta, halafu wanasema dada yako alijiua. Wajukuu watakuja kuambiwa hivyo."

"Dada yangu amekufa, Hezroni." Hakuwahi kumwita kwa jina maisha yake yote. "Asubuhi zake unazianika kama mlenda wa kiangazi, uzile lini?"

"Nikisema hawakukosea, kesho watawaletea kitu kingine, nacho kitaua, nacho hakitakuwa na mwenyewe. Hulioni hilo?"

"Naliona. Na mimi nikianguka?"

"Acha ugoro," alisema Hezroni.

"Nikiacha, taa nyekundu. Halafu nimsubiri afisa amalize wali wake." Akatema pembeni, akaondoka bila kuaga.

Hezroni alibaki na simu mkononi. Perisi alikuwa akisema amelala vizuri. Hezroni akamzima, kwa mara ya kwanza, kabla hajamshukuru Mungu.

*

Ulikuwa msimu wa kupogoa zabibu. Walikuwa kwenye shamba la ushirika, kila mtu na mstari wake, Yunisi mstari wa pili kutoka kwa Hezroni. Hawakuwa wamesemeshana tangu jioni ile. Lakini Hezroni aliusikia mkasi wa Yunisi ukidondoka. Akamsikia akicheka peke yake. Mkasi ukadondoka tena.

"Yunisi?"

"Mkasi umekuwa mnene leo."

Hezroni akapita chini ya nyaya, majani yakimchana uso. Yunisi alikuwa ameinama akiutafuta mkasi uliokuwa mbele ya macho yake. Mdomo wa chini ulikuwa na ugoro, umeshuka, kama siku zote. Alimtazama, na asione kitu, maana midomo ya namna hiyo alikuwa ameitazama tangu anazaliwa.

"Tema."

"Nini?"

"Tema ugoro! Tema, mama, tema!"

Akatema. Ugoro haukwenda mbali, ulishuka kidevuni, na mdomo ukabaki pale pale ulipokuwa.

"Tabasamu."

Tabasamu likaja upande mmoja.

Hezroni akamkalisha chini, akafungua fundo la kitenge cha Yunisi, akaitoa simu ya Yunisi, akaishika mbele ya uso wa mwenyewe. "Sema jina lako." Yunisi akasema kitu kisichoeleweka, mkono wa kushoto haukuinuka. Taa nyekundu ikawaka, na Hezroni akapiga kelele ya furaha kama mwendawazimu.

"Ombi lako limepelekwa kwa afisa wa zamu," alisema Msalimu. "Tafadhali subiri."

Jua lilikuwa utosini. Akabonyeza tena. Tafadhali subiri. Wanawake walikuwa wanakuja mbio kutoka kwenye mistari yao, mmoja ameshaanza kulia. Hezroni akatoa simu ya Perisi mfukoni, akampigia Levina.

"Mwanangu, ni Yunisi! Mdomo, mkono, vyote! Afisa wenu hapokei!"

"Subiri, nampigia." Sauti za ofisi. "Hapokei hata mimi. Mzee, kufuli si yangu, siwezi kuifungua. Kufuli inajitoa yenyewe Msalimu akishajua kutofautisha." Akavuta pumzi. "Mzee wangu. Dole."

Hezroni akaifungua ile sehemu ya dole. Ile sauti isiyo na kabila ikamsomea yote, bila haraka, na kumalizia: "Je, unakubali kwamba huduma haikuwa na kosa lolote katika kifo cha Perisi Chilongani?"

Yunisi alikuwa anamtazama kwa jicho moja lililokaza. Alikuwa akijaribu kusema shemeji, na neno lilikuwa halitoki.

Hezroni akaweka dole.

"Dole halijasomeka. Tafadhali jaribu tena."

Sugu za mkasi. Akalifuta kwenye suruali, akaweka. Halijasomeka. Akalilamba, akalisugua kwenye shati mpaka likauma, akaweka, akakandamiza, akimtukana Kisamo na mama yake na shati lake lililonyooshwa.

"Asante. Umekubali."

Picha zikaanza kuondoka. Ya kwanza kuondoka ilikuwa ya Jumanne: aliuona uso wa Perisi mara moja, mdomo umeshuka, macho yanamtafuta mtu pembeni ya mlango, kisha hakuna. Zikafuata za kiangazi, za masika, kilemba, blanketi, mbio mbio kama mtu anayehama usiku. Hakupata hata nafasi ya kuchagua moja ya kuaga. Kioo kikawa cheupe.

Walisubiri. Mmoja wa wanawake alikuwa akimpepea Yunisi kwa kanga. Levina alikuwa bado kwenye simu, akisema bado, bado, subiri, bado.

Simu ya Yunisi ikaongea peke yake. "Naona Yunisi ana dalili za kiharusi. Usimpe maji wala chakula. Mlaze ubavu. Gari linakuja."

Na kweli likaja, likikata vumbi pembeni ya shamba, na safari hii hakuna aliyelitania. Wakampakia. Palikuwa na kiti kimoja cha msindikizaji. Wanawake wakamsukuma Hezroni ndani, milango ikajifunga, gari likaondoka bila mtu mbele. Mkono wa kulia wa Yunisi ulikuwa umeshika shati lake. Ule mwingine alikuwa ameushika yeye.

"Mmeingia?" sauti ya Levina ilitoka kwenye simu ya Perisi. "Mko njiani?"

"Tuko njiani."

"Mungu mkubwa. Dawa wameshaandaa, saa zipo, mtawahi." Alikuwa analia au anacheka, haikujulikana. "Mzee, umefanya jambo kubwa. Umewaokoa wengi."

Hezroni alitazama nje. Zabibu, korongo, jengo la zamani la zahanati na waya zake za betri. Yote yalirudi nyuma upesi mno.

"Mwanangu."

"Naam, baba."

"Nimeweka dole. Nimekubali nyie hamkukosea."

"Najua. Nisamehe."

"Sikiliza. Nyie hamkukosea, nimesaini. Mashine haikukosea, ilijifunza ilichoonyeshwa, ulinieleza mwenyewe. Na Perisi alikaa kwenye kigoda kabla ya chai, kila siku ya Mungu, kama mlivyomwambia."

Gari likapunguza mwendo kwenye korongo, likateremka, likapanda. Yunisi akafumba jicho, akafumbua. Upande wa pili wa simu zilisikika pumzi za Levina, na mlio wa simu nyingine huko ofisini ambayo hakuna aliyekuwa akiipokea.

"Upo?" aliuliza Hezroni.

"Nipo, baba."

"Basi niambie, maana wewe umesoma. Nani alikosea?"